Namba za Takriri, na Kwa Nini 686 Ndiyo ya Mwisho

Mwaka 1770 ulizaa maandishi mawili ya hisabati ambayo hata leo hayajaacha kutajwa. Mjini Berlin, Joseph-Louis Lagrange alitoa burhani kamili ya jambo lililokuwa likisemwa tangu Bachet wa Ufaransa alipotoa toleo lake la kitabu cha Diophantus mwaka 1621, kwamba kila namba nzima, iwe ndogo au kubwa kiasi gani, yaweza kupatikana kwa kujumlisha namba mraba zisizozidi nne; na huko Cambridge, nchini Uingereza, Edward Waring alichapisha kitabu cha Kilatini, Meditationes Algebraicae, ambamo alidai, pasipo kuleta burhani yoyote, kwamba tukitumia vipeo vya tatu badala ya miraba tutahitaji visivyozidi tisa, na tukitumia vipeo vya nne tutahitaji visivyozidi kumi na tisa, na kadhalika hata mwisho wa vipeo, mwisho ambao haupo.

Msomaji asiyependa kulishwa madai matupu na ashike kalamu. Namba 7 ni 4 na 1 na 1 na 1, wala hakuna njia ya kuipata kwa miraba mitatu. Namba 23, kwa vipeo vya tatu, ni 8 mara mbili na 1 mara saba, yaani vipeo tisa, maana kipeo kifuatacho, 27, kimekwisha kuipita. Namba 79, kwa vipeo vya nne, ni 16 mara nne na 1 mara kumi na tano, jumla kumi na tisa barabara, kwa bahati mbaya ya kupitwa na 81 kwa mbili tu. Kwamba kikomo cha namna hii kipo kwa kila kipeo, David Hilbert alithibitisha mwaka 1909. Lakini ile 19 ya Waring iliwangoja wataalamu hadi mwaka 1986, miaka mia mbili na kumi na sita tangu kudaiwa, ndipo ikajulikana pasipo shaka kuwa alikuwa amesema kweli.

Nia yangu hapa ni kueleza swali jingine, changa kwa umri lakini la ukoo ule ule, ambalo badala ya kuuliza habari za kiasi cha namba lauliza habari za mwandiko wake. Sisi huandika namba kwa tarakimu kumi, ilhali kompyuta hutumia mbili tu, 0 na 1, kwa mfumo ambao Gottfried Leibniz aliufafanua katika waraka wake wa mwaka 1703 na ambao watu wa kompyuta huuita binari. Mwenye duka aliye na mawe ya mizani ya ratili 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila jiwe likiwa maradufu ya lililotangulia, wala hana mawe mawili yaliyo sawa, aweza kupima uzito wowote wa ratili nzima. Na kama akiandika 1 kwa kila jiwe aliloliweka na 0 kwa kila jiwe aliloliacha, akianza na lililo zito kuliko yote aliyoyaweka, atakuwa ameandika uzito ule kwa mfumo wa binari. Ratili 13 ni jiwe la 8, la 4 na la 1: 1101. Ratili 10 ni jiwe la 8 na la 2: 1010.

Hiyo 1010 ina jambo la kutazamwa kwa makini. Ni 10 iliyoandikwa, kisha ikaandikwa tena. Namba ya namna hii, ambayo mwandiko wake wa binari ni fungu moja la tarakimu lililoradidiwa mara mbili pasipo kuongezwa wala kupunguzwa kitu, nitaiita namba ya takriri. Ya kwanza ni 3, ambayo ni 11. Zafuata 10 na 15, yaani 1010 na 1111. Kisha 36, 45, 54 na 63, ambazo ni 100100, 101101, 110110 na 111111. Kisha namba nane kuanzia 136 hadi 255. Kisha kumi na sita kuanzia 528 hadi 1023. Kisha thelathini na mbili kuanzia 2080 hadi 4095. Na msururu wendelea vivyo hivyo, kila kundi likiwa na watu maradufu ya kundi lililolitangulia.

Swali lenyewe sasa laweza kusemwa kwa pumzi moja: je, kila namba yaweza kupatikana kwa kujumlisha namba chache za takriri, na kama ndivyo, ni ngapi zinazotosha?

Mtu mwenye akili pevu atapinga kabla sijaendelea, na hoja yake ni ya haki. Namba 9, atasema, ni mraba kwa asili yake. Iandike kwa tarakimu kumi au mbili, au ichore ukutani kwa mistari tisa ya mkaa, mraba itabaki kuwa mraba. Lakini 10 ni ya takriri kwa sababu tu tumechagua kuiandika kwa tarakimu mbili. Katika mwandiko wetu wa kila siku hakuna kilichorudiwa ndani yake. Sifa ya mwandiko yawezaje kuzaa sheria ya namba? Mimi naona hapa ndipo utamu wa jambo hili ulipo, kwa kuwa chini ya mwandiko kumefichama hesabu ya kweli. Kusogeza fungu la tarakimu tatu nafasi tatu kwenda kushoto ni kulizidisha kwa 8. Kuliongeza tena lenyewe katika nafasi zilizoachwa wazi ni kufanya jumla yake kuwa mara 9. Basi zile namba nne, 36, 45, 54 na 63, si nyingine ila 9 mara 4, mara 5, mara 6 na mara 7. Fungu la tarakimu mbili huzidishwa kwa 5, la tarakimu nne kwa 17, la tarakimu tano kwa 33. Takriri, kwa hiyo, ni kundi la 3, kundi la 5, kundi la 9, kundi la 17, kundi la 33 na kuendelea, na kila kundi lina mipaka yake isiyovukwa: kundi la 17 huanza 17 mara 8 na kukoma 17 mara 15, wala 17 mara 16 haimo, kwani 16 yataka tarakimu ya tano.

Jibu lilitolewa mwaka 2018 na watu wanne, P. Madhusudan wa Chuo Kikuu cha Illinois, Dirk Nowotka wa Chuo Kikuu cha Kiel nchini Ujerumani, pamoja na Aayush Rajasekaran na Jeffrey Shallit wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada. Walithibitisha kwamba kila namba iliyo kubwa kuliko 686 ni jumla ya namba za takriri zisizozidi nne. Nne, idadi ile ile ya Lagrange. Jirani ya kwanza ya 686, yaani 687, ni 627 na 45 na 15. Namba 1000 yatosheka na mbili tu, 990 na 10, ambazo kwa mwandiko wao ni 1111011110 na 1010. Namba 2000 hutaka zote nne ukipita njia hii: 1023, 957, 10 na 10.

Kabla ya kuingia katika burhani yao, nampa msomaji jambo moja ambalo hulikuta kila anayekaa chini na kuhesabu, nalo lanipendeza kuliko nadharia yenyewe. Chini ya 4096 kuna namba mraba ngapi? Ni 63, maana 63 mara 63 ni 3969, na 64 mara 64 ni 4096 yenyewe. Namba za takriri chini ya 4096 ni ngapi? Moja, na mbili, na nne, na nane, na kumi na sita, na thelathini na mbili: jumla 63. Si sadfa. Ukisimama mbele ya namba yoyote ipatikanayo kwa kuzidisha 4 kwa yenyewe mara kadhaa, 16, 64, 256, 1024 na kuendelea, utakuta nyuma yako miraba na takriri za idadi moja, pasipo kupungua hata moja. Chini ya 1,048,576 ziko 1023 za kila aina. Ikiwa miraba minne hutosha kufika kila mahali, takriri nne zenye wingi ule ule zina haki ya kutarajiwa kufika pia. Matarajio hayo hayafikii cheo cha burhani, lakini huonyesha kwa nini watu wale wanne waliitafuta nne wala hawakuitafuta arobaini.

Tofauti iko katika kutawanyika. Miraba hujipanga kwa nafasi zinazopanuka pole pole, ilhali takriri husongamana mahali pamoja kisha huacha jangwa. Mwandiko wa takriri hauna budi kuwa na tarakimu zenye idadi shufwa, kwa hiyo namba zote zenye tarakimu tisa, kuanzia 256 hadi 511, hazina hata takriri moja kati yao. Na kwa kuwa takriri ya kwanza yenye tarakimu kumi ni 1000010000, yaani 528, jangwa hilo laenea toka 256 hadi 527. Namba zilizomo humo lazima zijengwe kwa vifaa vya nyuma, na hapo ndipo taabu inapozaliwa.

Tutwae namba nane hizi: 407, 424, 441, 458, 475, 492, 509 na 526. Toka moja hadi inayofuata ni hatua ya 17, na kila moja ikigawanywa kwa 17 hubakisha 16. Hakuna hata moja inayopatikana kwa takriri nne, na sababu yake yaweza kuandikwa nyuma ya bahasha. Namba za kundi la 17 zikigawanywa kwa 17 hazibakishi kitu, kwa hiyo baki ya 16 haina pa kutoka ila katika makundi madogo zaidi, na hayo hubakisha hivi: 3 hubakisha 3, 10 hubakisha 10, 15 hubakisha 15, 36 hubakisha 2, 45 hubakisha 11, 54 hubakisha 3, na 63 hubakisha 12. Hakuna inayotoa 16 peke yake. Ukiziunganisha mbili mbili, 15 yatafuta 1, 12 yatafuta 4, 11 yatafuta 5, 10 yatafuta 6, 3 yatafuta 13, na 2 yatafuta 14, na hakuna hata moja inayompata mwenzi wake katika orodha. Basi hatuna budi kutumia ndogo tatu kwa uchache, na nafasi iliyosalia kwa kundi la 17 ni moja tu. Lakini 255 pamoja na 63 mara tatu ni 444, hivyo 458 na zote zilizo juu yake katika safu hii zimekatwa. Zimesalia tatu: 407, 424 na 441. Ukiondoa katika yoyote kati ya hizo namba moja ya kundi la 17, kinachosalia ni 152, au 169, au 186, au kiasi kikubwa zaidi ambacho ndogo tatu haziwezi kukifikia. Ndogo tatu, ili zipite 141, lazima zote ziwe za kundi la 9, na jumla yake iwe kigawe cha 9. Na wala 152, wala 169, wala 186 si kigawe cha 9. Zimekwisha.

Kwa nini safu ikaanzia 407, wala si hatua moja nyuma, yaani 390, ambayo nayo hubakisha 16? Kwa sababu 390 ukiondoa 255 husalia 135, na 135 ni kigawe cha 9: ni 63, 36 na 36. Na kwa nini safu ikakomea 526, isiende hatua moja mbele hadi 543? Kwa sababu huko jangwa limekwisha kupitwa: 543 ni 528 na 15.

Ile 686 yenyewe nayo yakubali kuchunguzwa kwa mkono. Kama hatutumii kundi la 33, basi tunahitaji angalau namba tatu za kundi la 17, kwa maana mbili kubwa kuliko zote, pamoja na 63 mbili, ni 636 tu. Namba 686 ikigawanywa kwa 17 hubakisha 6, na ndogo moja iliyosalia ndiyo peke yake ya kuleta hiyo 6. Lakini katika orodha yetu ya baki, 6 haimo, wala namba ya nne ya kundi lile lile haileti chochote ila sifuri. Kama tunatumia kundi la 33, twaweza kutwaa moja tu, 660 au 627 au 594 au 561 au 528, na kusaliwa na 26, 59, 92, 125 au 158, kila moja ikitakiwa kujazwa na takriri zisizozidi tatu. Namba 26 ni 10, 10, 3 na 3, yaani nne, moja zaidi ya ruhusa, na njia ya mkato haina. Zile nne nyingine namwachia msomaji, naye ataona kila moja ikikwama kwa namna yake.

Ajabu ni kwamba baada ya 686 hakikwami kitu tena, hata ukienda kwenye namba zenye tarakimu elfu. Majangwa hayakomi, tena hupanuka; lakini vifaa navyo huongezeka, na mchanganyiko wa baki huwa mwingi kiasi cha kuziba kila pengo. Ni rahisi kulisema hilo, na ni vigumu kulithibitisha, na njia waliyoipitia wale wanne ndiyo iliyowashangaza wengi, kwa kuwa waliiachia mashine itoe hukumu.

Mashine ninayoisema si ya chuma. Huitwa otomata, nayo ni mashine ya fikra isomayo alama moja moja, yenye idadi maalumu ya hali inazoweza kuwamo, isiyo na daftari wala kumbukumbu nyingine. Ikifika mwisho wa maandishi husema ndiyo au la kwa kuangalia hali iliyojikuta ndani yake. Kujumlisha kwafaa sana kwa otomata. Tunapojumlisha namba nne za binari, tukianza kulia, jambo pekee la kukumbuka toka safu moja hadi nyingine ni kile tunachobeba, nacho hakizidi 3 hata tarakimu zote ziwe 1. Takriri, kinyume chake, haifai kabisa. Ili kujua kama nusu ya pili ya maandishi ni sawa na nusu ya kwanza, lazima ukumbuke nusu ya kwanza nzima, na kwa kuwa nusu hiyo yaweza kuwa ndefu kupita kipimo chochote, mashine yenye hali chache haiwezi.

Hila yao ilikuwa kukunja maandishi. Badala ya kuisomea mashine namba toka ncha hadi ncha, waliisomea nusu mbili kwa pamoja: tarakimu ya mwisho ya nusu ya chini sambamba na tarakimu ya mwisho ya nusu ya juu, kisha zinazofuata, na kadhalika. Sasa mashine, inapobahatisha tarakimu ya fungu linaloradidiwa, huitumia papo hapo katika nusu zote mbili, wala haihitaji kuikumbuka hadi baadaye. Yabaki taabu moja: kile kitakachobebwa toka nusu ya chini kwenda nusu ya juu hakijulikani mpaka nusu ya chini imalizike, ilhali nusu ya juu imekwisha kuanza kusomwa. Mashine hukikisia mwanzoni, hukitunza, na mwishoni hukilinganisha na kilichotokea. Kisio likiwa si sahihi, hesabu ile hutupwa. Urefu wa zile takriri zitakazotumiwa huwekwa mapema, tarakimu chache tu pungufu ya urefu wa namba itafutwayo, ili mikunjo yao iende sambamba na mkunjo wake.

Ukishakuwa na otomata ikubaliyo kila namba ipatikanayo kwa takriri nne, swali "je, namba zote ndefu zapatikana?" hugeuka kuwa swali la mashine yenyewe: je, kuna maandishi yoyote ya urefu unaofaa ambayo mashine hii huyakataa? Na swali la namna hiyo kompyuta yaweza kulijibu kwa yakini na kwa muda wenye mwisho, ingawa maandishi yenyewe hayana mwisho, kwa sababu hali za mashine zina mwisho. Michael Rabin na Dana Scott walionyesha mwaka 1959 jinsi ya kuigeuza mashine ibahatishayo kuwa mashine isiyobahatisha, kwa gharama ya hali ambazo zaweza kuongezeka vibaya sana, kiasi cha mashine ya hali kumi kuzaa nyingine ya hali 1024. Ndiyo maana kazi hii haikuwa ya penseli. Kompyuta ilijenga mashine, ikaigeuza, ikatafuta maandishi yanayokataliwa, ikayakosa. Namba fupi ambazo hoja haikuzigusa zikachunguzwa moja moja, na ya mwisho kushindwa ikawa 686.

Watu waliokwisha kusikia mabishano yaliyozuka mwaka 1976, Kenneth Appel na Wolfgang Haken walipotumia kompyuta kuthibitisha kwamba rangi nne hutosha kupaka ramani yoyote, wataniuliza kama burhani hii ni burhani. Mimi sina wasiwasi nayo. Programu yaweza kuandikwa upya na mtu mwingine, kwa lugha nyingine ya kompyuta, na jibu likalinganishwa, jambo ambalo ni zaidi ya tunachoweza kufanya kwa burhani nyingi za kurasa mia tatu. Kinachonikereketa ni kingine: mashine imesema ndiyo, lakini haikusema kwa nini. Ile safu ya 407 hadi 526 tumeielewa kwa sababu tuliishika mkononi. Namba yenye tarakimu elfu moja tumeambiwa tu kwamba hupatikana.

Kwa mwenye kiu ya sababu, kuna kazi ya pili, ya Daniel Kane, Carlo Sanna na yule yule Shallit, nayo ilifanywa kwa kalamu. Wao waliuliza kama Waring: je, fungu likiradidiwa mara tatu, mara nne, au mara ngapi utakavyo, kikomo kitakuwapo? Walijibu kwamba kipo, tena chaweza kukokotolewa, ingawa makadirio yao hupanda kwa kasi ya kutisha kadiri idadi ya marudio inavyoongezeka. Lakini walilazimika kuweka sharti ambalo kwa vipeo vya Waring halikuwapo, na sharti hilo laonekana wazi katika takriri ya mara sita.

Tutazame kisa hicho kwa karibu. Ya kwanza ni 111111, yaani 63. Fungu 10 likiandikwa mara sita hutoa 101010101010, yaani 2730. Zote mbili hugawanyika kwa 3, na ndivyo zilivyo zote. Kusogeza fungu kwa idadi shufwa ya nafasi ni kulizidisha kwa 4, au 16, au 64, namba ambazo zikigawanywa kwa 3 hubakisha 1. Hivyo kipimo kinacholizidisha fungu, chenye sehemu sita, hubakisha 1 mara sita, yaani 6, ambayo kwa 3 ni sifuri. Kusogeza kwa idadi witiri ni kuzidisha kwa 2, au 8, au 32, ambazo hubakisha 2. Basi baki za sehemu sita huwa 1, 2, 1, 2, 1, 2, jumla 9, ambayo kwa 3 ni sifuri tena. Hakuna pa kukimbilia. Namba 1000, na namba yoyote isiyo kigawe cha 3, haitapatikana kwa takriri za mara sita hata ukizijumlisha milioni. Sharti la jumla walilolitoa ni hili: kwa marudio k, namba itafutwayo iwe kigawe cha kigawo kikubwa cha shirika cha k na cha ile namba ipatikanayo ukitoa 1 katika 2 iliyopandishwa kipeo cha k. Kwa marudio mawili, matatu, manne na matano kigawo hicho ni 1, na sharti halimbani mtu. Kwa sita ni 3, kwa ishirini ni 5. Pasipo kulivunja sharti hilo, kila namba iliyo kubwa vya kutosha hupatikana kwa takriri zisizozidi idadi maalumu.

Wala mambo haya si ya tarakimu mbili peke yake. Nadharia yao yasimama kwa mfumo wowote wa tarakimu, na kwa hiyo hata kwa huu wetu wa kumi. Hapo takriri za mara mbili ni 11, 22, 33 hadi 99, kisha 1010, 1111, 1212 na kuendelea hadi 9999. Takriri za mara tatu ni za namna ya 474747, nazo zote hugawanyika kwa 3, kwa hoja ile ile ya baki tuliyokwisha kuiona, kwa kuwa 10, 100 na 1000 zikigawanywa kwa 3 hubakisha 1 daima, na tatu zikikutana hutoa sifuri. Maneno "kubwa vya kutosha" yana uzito hapa. Namba 1002 ni kigawe cha 3, lakini usijisumbue nayo: chini ya 101010 hakuna takriri za mara tatu ila 111, 222, 333 hadi 999, zote vigawe vya 111, na 1002 si kigawe cha 111.